Kisiwa Kilichopotea Ndia

Kisiwa chenye wakazi wengi kuliko kingine chochote duniani, herufi nne, kushuka. Jibu nililijua kabla mjomba hajamaliza kunisomea swali hilo la fumbo la maneno, na bado tulikaa nalo robo saa nzima barazani, kahawa ikitupolea vikombeni, kwa sababu herufi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa kalamu ya wino, nayo ilikuwa D. Java haianzi na D. Tukapitia visiwa vyote tulivyoweza kuvikumbuka. Tukakipata Diego Garcia, ambacho kina herufi kumi na moja na ambacho wenyeji wake walihamishwa kwa nguvu na Waingereza, kwa hiyo si mahali pa kutafutia wakazi wengi. Tukajaribu Dahlak ya Eritrea, ikatuzidi herufi mbili. Mwishowe mjomba akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kikoi chake, akasema, "Basi, mwanangu, kisiwa hiki kimepotea ndia."

Alipolitamka neno hilo la mwisho ndipo nilipoliona kosa, au lile ambalo siku hiyo nililiita kosa. Kidokezo cha kwanza kwenda kulia kilikuwa "Mahali pa kupitia", herufi nne, na mjomba, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa ambaye ameishi umri wake wote hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu, alikuwa ameandika NDIA bila hata kupumua. Mtungaji alitaka NJIA. Herufi ya pili ya neno hilo ndiyo ya kwanza ya kisiwa.

"Tufute, mjomba, tuandike J," nikamwambia.

"Wino haufutiki," akanijibu, "na jina la barabara ile pale halijafutwa pia. Nenda ukasome walivyoandika."

Nimekuwa nikijaza mafumbo ya maneno, ambayo wengi wetu tunayaita chemshabongo, kwa zaidi ya miaka ishirini, na aina ninayoipenda ni ile ya maarifa ya jumla: miji mikuu, mito, sayari, marais, wanariadha, majina ya ndege na ya samaki. Iko aina nyingine, ile ya hila, ambayo kidokezo chake husema jambo moja na kukusudia jingine. Waingereza wameifanya kuwa sanaa, na nadhani mtu aliyelelewa na tungo za Muyaka bin Haji, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 aliwafumbia watu wa Mombasa mambo ya siasa ndani ya beti za mapenzi na za bahari, angeiona aina hiyo kuwa jambo la nyumbani. Mimi sina subira nayo. Napenda swali lililo wazi lenye jibu lililo wazi, kisha ugumu wote utokee mahali pengine, pale maneno mawili yanapokutana kwenye kisanduku kimoja na kila moja likadai herufi yake.

Makutano hayo ndiyo yanayolitenga fumbo na mtihani. Katika mtihani unajua au hujui, na usipojua unakaa ukitazama dari. Katika fumbo unaweza kujua nusu, au robo, au kutojua lolote, na bado jibu likakufikia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu majirani zake wamekupa herufi moja moja mpaka umbo la neno likajitokeza. Mji mkuu wa Burkina Faso niliupata hivyo, miaka mingi iliyopita, ndani ya feri ya Likoni, penseli mkononi na bega la mtu ubavuni. Nilikuwa na visanduku kumi na moja, na kila neno nililokamilisha kwa kushuka lilizidi kunipa irabu: O mwanzoni, U mwishoni, A katikati, U tena. Nikadhani nimekosea pote. Hakuna neno linalobeba irabu nyingi namna hiyo, nilijiambia, mpaka G ya pili ilipoingia na OUAGADOUGOU ikasimama mbele yangu. Sijaisahau tangu siku hiyo. Darasani nilikuwa nimefundishwa jina hilo, nikalisahau wiki ile ile.

Kwa hiyo sianzi na swali la kwanza. Mjomba huanza na la kwanza, kama mtu anayesoma barua, na hilo ni moja ya mambo tunayogombania. Mimi hutafuta vidokezo ambavyo haviwezi kuwa na majibu mawili: mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 2004, herufi saba, hawezi kuwa mwingine ila MAATHAI, mzaliwa wa Unguja aliyepewa ile ya Fasihi mwaka 2021, herufi sita, ni GURNAH. Hayo huwa nguzo. Vidokezo kama "Mto wa Afrika" au "Mnyama wa porini" nawaachia wenye haraka, maana mto wa herufi tano unaweza kuwa Kongo au Volta au Benue, na anayeandika la kwanza lililomjia ataharibu pembe nzima ya jedwali kabla hajashtuka.

Hata zile nguzo, hata hivyo, zina umri wake. Kwa muuza vitabu vya mitumba, anayevitandaza chini kando ya njia ya watembea kwa miguu, niliwahi kununua kitabu cha mafumbo ya Kiingereza kilichokuwa kimeliwa na nondo pembeni lakini kurasa zake zote zilikuwa hazijaguswa. Nilikaa nacho likizo nzima. Mji mkuu wa Nigeria, herufi tano: nikaandika ABUJA kwa kujiamini, na upande wote wa kushoto wa ukurasa ukakataa kujazika. Nilihangaika siku mbili kabla sijafungua ukurasa wa mbele na kuona kwamba kitabu kilichapishwa katika miaka ya themanini, wakati makao ya serikali yalikuwa bado Lagos. Hayakuhamia Abuja rasmi ila tarehe 12 Desemba 1991. Lagos nayo ina herufi tano. Idadi ya visanduku, ambayo ndiyo mlinzi wa kwanza wa mjazaji, ilikuwa imelala usingizi.

Tangu hapo huwa natazama mwaka wa kitabu kabla ya kushika penseli. Mtungaji wa zamani atakuuliza sayari ya tisa kutoka kwenye jua naye atataka Pluto, ambayo wanaastronomia waliokutana Prague waliivua cheo hicho tarehe 24 Agosti 2006. Atakuuliza habari za Swaziland, ambayo tangu mwaka 2018 ni Eswatini. Kazakhstan ni balaa la pekee: mji mkuu ulikuwa Almaty hadi mwaka 1997, kisha ukahamishiwa Astana, kisha Astana ikabadilishwa jina ikawa Nur-Sultan mwaka 2019, na mwaka 2022 ikarudishiwa jina lake. Almaty na Astana zote zina herufi sita, zote zinaanza na A, na herufi ya nne ya zote mbili ni A vilevile. Ukizijaza kwa penseli nyepesi hutajuta.

Mchezo wenyewe si wa kale kama unavyofikiriwa. Mwingereza mzaliwa wa Liverpool, Arthur Wynne, alikuwa akitengeneza kurasa za burudani za gazeti la New York World, na Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913 akachapisha fumbo lenye umbo la almasi, tupu katikati, akaliita Word-Cross. Wiki chache baadaye wapangaji wa chapa wakaligeuza jina hilo nyuma mbele, nalo likabaki hivyo hadi leo. Nimelijaza fumbo lile la kwanza, kwa kuwa linapatikana kwa urahisi, na kilichonifurahisha ni kwamba maarifa ya jumla yalikuwemo tangu siku ya kwanza. Kuna kidokezo kinachotaka mto wa Urusi, nao ni Neva. Kuna kingine kinachotaka jina la nyuzi za mti fulani wa mashariki ya mbali unaofanana na mnazi, ambacho sidhani kama wasomaji wa New York walikijua, lakini mtu yeyote wa Pwani aliyewahi kuona kamba ya makumbi ikisokotwa angekielewa upesi, ingawa jina lenyewe lingemshinda. Kisha liko kosa linalonipa faraja kila ninapotunga: neno lile lile lenye maana ya njiwa limetumiwa mara mbili katika jedwali moja, mara ya kwanza likidokezwa kuwa ni ndege na mara ya pili kuwa ni njiwa. Leo mhariri angelirudisha.

Kitabu cha kwanza cha mafumbo haya kilitoka New York mwaka 1924, kikiuzwa pamoja na penseli, na Marekani yote ikashikwa na wazimu wa visanduku. New York Times wakati huo uliyadharau ukayaona kuwa upotevu wa muda, ukashikilia msimamo huo hadi tarehe 15 Februari 1942 ulipoanza kuchapisha ya kwake. Mjomba husema kwamba hiyo ndiyo tabia ya watu wanaodharau bao kisha wakaonekana wamechutama pembeni ya wachezaji wakihesabu kete. Hadithi anayoipenda zaidi ni ile ya Leonard Dawe, mwalimu aliyekuwa akilitungia mafumbo gazeti la Daily Telegraph. Katika wiki za kuelekea tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya washirika yakijiandaa kuteremka Normandy, maneno ya siri ya operesheni hiyo yalianza kutokea moja baada ya jingine katika mafumbo yake, Utah, Omaha, Overlord, Mulberry, Neptune, hata maofisa wa usalama wakamwendea kumhoji. Hakupatikana na hatia yoyote. "Unaona?" mjomba huniambia, "Maneno nayo hufika mahali yenyewe."

Mpaka hapo nazungumzia kujaza. Kutunga ni jambo jingine, na ni kwa kutunga kwa Kiswahili ndipo nilipogundua kitu ambacho miaka yote ya kujaza haikunionyesha.

Nilianza kwa kuiga Wamarekani. Jedwali lao limeshonana: kila kisanduku cheupe ni mali ya maneno mawili, moja la kwenda kulia na moja la kushuka, na ukilizungusha nusu mzunguko, visanduku vyeusi hukaa pale pale vilipokuwa. Nilichora la visanduku kumi na moja kwa kumi na moja, nikajaza juu kwa urahisi, nikashuka hadi katikati nikijisifu, na nilipofika safu ya chini kabisa nikakwama kama chombo kilichopanda mwamba. Sababu ni nyepesi mno hata naona haya kusema ilinichukua jioni mbili kuiona. Safu ya chini imejengwa kwa herufi za mwisho za maneno yanayoshuka. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Kwa hiyo safu ya chini lazima iwe irabu tupu, na maneno ya irabu tupu tunayo machache sana: oa, ua, au, eua. Huwezi kujaza visanduku kumi na moja kwa kuoa na kuua. Safu ya mwisho ya kulia nayo ilikuwa na ugonjwa huo huo, kwa kuwa ndipo maneno ya kwenda kulia yanapoishia.

Nikarudi kwa Waingereza. Jedwali lao ni kama mbao za vitobo kwenye roshani za Mji wa Kale, cheupe na cheusi vikipishana, na herufi za neno moja hukutana na neno jingine moja baada ya moja, ya kwanza inakutana, ya pili haikutani, ya tatu inakutana. Katika jedwali hilo safu ya chini inadai irabu katika nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano tu. Nafasi ya pili na ya nne hazina jirani, ziko huru kubeba konsonanti. Irabu, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu chumbani, kwa maana hilo ndilo umbo la maneno yetu mengi ya ngeli ya U: UKUTA, UGALI, USIKU, UPEPO, UTAMU, na kwa visanduku saba, UKARIMU, UTAJIRI, UJASIRI, UKATILI. Tangu siku hiyo kila jedwali langu limekaa juu ya safu ya U kama nyumba juu ya msingi. Majina ya nchi yakaja yenyewe, URENO na UGIRIKI, na sikosi kuwaweka URENO na UKUTA katika safu moja, kisanduku kimoja cheusi kikiwatenga, kwa heshima ya ile ngome walioijenga Wareno hapa kati ya mwaka 1593 na 1596, ambayo kuta zake bado zimetutazama.

Kutoka hapo nikaanza pia kuyathamini maarifa ya jumla kwa jicho la mtungaji. Majina ya nje ndiyo yanayotuletea konsonanti za mwisho. SUDAN, IRAN, CHAD, GURNAH: ukiliweka moja kati ya hayo likaishia kwenye ukingo wa kulia, ukingo unapumua, na neno linaloshuka pale linapata N au D au H mahali ambapo vinginevyo pangekuwa na A ya milele. Kuna furaha nyingine ndogondogo ambazo ni za lugha yetu peke yake. Q na X hazina kazi. Ukiona C, kisanduku kinachofuata ni H, huna haja ya kuuliza, labda uwe umeingia Chicago kwa upande wa mwisho. Kidokezo cha wingi kinakupa matumaini ya kiambishi, VI au WA au MI, lakini usikimbilie, kwa sababu "Vyombo vya jikoni" inaweza kuwa SUFURIA, ambayo haibadiliki iwe moja au mia. Na NG'OMBE ana visanduku sita. Alama ile ya juu haina kisanduku chake, nami sijaribu tena kujadiliana na watoto wa dada yangu juu ya hilo.

Uhuru wa herufi zisizo na jirani una gharama, na mimi niliilipa hadharani. Chama kimoja cha wasomaji kiliniomba nitunge fumbo la sherehe yao ya kufunga mwaka, zawadi ikiwa boksi la halua. Nikatunga kwa uangalifu, nikahesabu visanduku mara tatu, nikachapisha nakala za kuwatosha wote. Kidokezo kimoja kilikuwa "Sayari mashuhuri kwa pete zake", herufi sita, nami nilikusudia ZUHALI. Nusu ya ukumbi wakaandika ZUHALI. Nusu ya pili wakaandika ZOHALI. Katika jedwali lile neno hilo lilianzia kwenye kisanduku chenye jirani, hivyo Z, H na L zilikuwa na mashahidi, na irabu zote tatu, ikiwemo ile iliyoleta ugomvi, zilisimama peke yao bila wa kuzisemea. Mwalimu mmoja mstaafu akaja mbele na kamusi kwapani, akaifungua akanionyesha ya kwake. Mwingine akatoa simu akanionyesha ya kwangu. Waliofikia mwisho kwa pamoja walikuwa wawili, mmoja wa U na mmoja wa O. Nilikwenda mwenyewe kununua boksi la pili la halua, na njiani nilikuwa nikiwaza kwamba herufi moja tu ya kukutana, neno moja la kushuka kwenye kisanduku kile, lingeniokolea fedha zangu na heshima yangu. Sasa siweki katika jedwali langu neno lenye tahajia mbili ila nimehakikisha pale panapobishaniwa pana jirani.

Mjomba alipoisikia habari hiyo hakunipa pole. Aliniuliza ni nani aliyeniambia kwamba tahajia ndiyo iliyo na sura mbili. Yeye huona kwamba lugha yote ina sura mbili na kwamba watungaji huchagua moja bila kumwambia mjazaji. Nilipoanza kuhesabu, nikaona ana hoja. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, husema mato pale ambapo Kiswahili cha shuleni husema macho, jito badala ya jicho, mtele badala ya mchele. Hayo hayana hatari kubwa, kwa kuwa MTELE ina visanduku vitano na MCHELE sita, na idadi itakugutusha kabla hujaandika. Hatari iko kwenye jozi zenye urefu ule ule. MOYA na MOJA. NDIA na NJIA. Hapo visanduku havikwambii lolote, na mtu aliyezaliwa Kibokoni ataandika la kwake akiwa na dhamiri safi, kisha atakwenda kukitafuta kisiwa cha Java kwenye herufi D.

Aliyeamua lipi ni la kitabuni na lipi ni la barazani hakuwa mtungaji wa mafumbo. Mkutano wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, jambo ambalo mjomba hulisimulia kama mtu aliyevuliwa kilemba nyumbani kwake mwenyewe, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia lugha hiyo katika nchi za Afrika Mashariki. Kabla ya hapo mambo hayakuwa yameamuliwa. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliyachota maneno mengi ya kamusi yake, iliyochapishwa mwaka 1882, kwenye vinywa vya watu wa huku. Simlaumu aliyeteua, bila usanifu huo nisingekuwa na jedwali la kutunga, kwa kuwa watu wa Lamu, wa Unguja na wa Nairobi wasingekubaliana hata juu ya idadi ya visanduku. Lakini nakubali kwamba kila ninapoandika "Mahali pa kupitia" na kutega visanduku vinne, ninamtaka mjomba asahau anwani yake.

Nilimwahidi kwamba siku moja nitatunga fumbo linalokubali Kimvita. Hakusubiri. Ijumaa moja baada ya sala nilimkuta barazani na karatasi aliyoichana kwenye kalenda ya mwaka uliopita, upande mweupe juu, na juu yake amechora kwa rula jedwali dogo la maneno matatu tu. Muuza kahawa alikuwa amechutama mbele yetu na dele lake, makaa yakiwaka chini, vikombe vikigongana mkononi mwake.

"Lijaze," akasema mjomba. "Kwa wino."

La kwanza kwenda kulia, herufi nne: "Mahali pa kupitia". Nilicheka, nikaandika NJIA, kwa mazoea ya mkono, huku nikidhani ananikumbusha tu ugomvi wetu wa zamani. La kushuka kutoka herufi ya pili, nne vilevile: "Chombo cha muuza kahawa". Nilikitazama chombo kilichokuwa mbele yangu, moto wake ukinipiga magotini. Herufi ya kwanza J, herufi nne. Nikaandika JIKO, nikamtazama kwa ushindi. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono akapokea kikombe chake.

La tatu lilikuwa la kwenda kulia, likianzia kwenye kisanduku cha tatu cha lile la kushuka: "Mji wa kale wa Pwani ya Kenya ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001", herufi nne. Ni Lamu, mtoto wa shule angelijua. Lakini herufi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuandikwa, nayo ilikuwa K. Nilikaa nikiitazama KAMU yangu. Muuza kahawa akainama kuangalia, akaona, akageuza uso pembeni ili asicheke mbele ya mteja, kisha akakigonga kwa ukucha kile chombo chake cha shaba, ting, mara moja.

Dele. Herufi ya kwanza D.

"Umeshindwa?" mjomba akauliza.

"Nimeshindwa, mjomba."

"Toa mji."

Zamani, tulipokuwa wadogo, kitendawili kikikushinda ulikuwa unatoa mji, nasi tuliitoa Unguja, Malindi, Makka na Bombay hata hatujui ziko upande gani wa bahari.

"Nakupa Java," nikasema.

Akanywa kahawa yake yote, akakitikisa kikombe kumwaga machicha, akakirudisha kwa mwenyewe.

"Java ni kisiwa," akasema. "Toa mji."